Vifaa vya kupachika kwenye fremu ya mazoezi nyumbani: kipi uagize, kipi umpe fundi, kipi uache

Fremu ikishasimama, yaani nguzo nne, bomba la kujivuta juu na kulabu mbili za kuwekea mtaimbo (ile fimbo ndefu ya chuma inayobeba sahani za uzito), ndipo pesa zinapoanza kutoka kwa kweli. Wauzaji wa fremu wanalijua hilo. Orodha zao za vifaa vya kupachika ni ndefu kuliko haja ya mtu yeyote anayepiga tizi kwenye chumba cha uani au banda la gari, na kila kifaa kimepigwa picha kana kwamba bila hicho miguu haitakua.

Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo ambalo orodha hizo haziligusi. Mzigo wa kutoka nje mara nyingi hulipiwa kwa kilo, ilhali Gerezani jijini Dar es Salaam na Kamukunji jijini Nairobi wapo mafundi wanaokata na kuchomelea chuma kutwa nzima. Kwa hiyo kila kifaa nakiuliza maswali mawili. Kinanipa nini ambacho mtaimbo na sahani zake havinipi? Na kimetengenezwa kwa nini? Kilicho chuma kitupu nampa fundi. Chenye kitambaa kilichoshonwa naagiza, maana hata ndugu anayerudi safari anaweza kukitia kwenye begi. Chenye kuzunguka, yaani kapi, kinataka mazungumzo marefu zaidi, nayo yako huko chini.

Pima matundu kabla ya kupenda kitu

Chukua kalipa, au hata rula ya chuma, upime vitu vitatu: upana wa nguzo pande zote mbili, kipenyo cha tundu, na umbali kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya linalofuata. Hivyo vitatu vinaamua nusu ya ulinganisho huu kabla hujafungua pochi.

Wamarekani hutumia inchi. Kampuni ya Rogue peke yake ina vipimo vitatu vinavyowachanganya wanunuzi. Infinity ina nguzo za inchi 2 kwa 3 zenye tundu la inchi 5/8, karibu milimita 16. Monster Lite ina nguzo za inchi 3 kwa 3 zenye tundu hilohilo. Monster ina nguzo za inchi 3 kwa 3, ila tundu lake ni inchi 1 nzima. REP, kampuni nyingine ya Marekani, nao wana jozi ya namna hiyo: PR-4000 tundu dogo, PR-5000 tundu kubwa. Fremu mbili zinaweza kufanana kwa macho kabisa, na bado haziazimani hata kulabu. Pini ya inchi 1 haiingii kwenye tundu la 5/8 hata uibembeleze vipi. Kinyume chake kinawezekana: fundi wa kukereza anaweza kukutengenezea bushi ya kujaza nafasi, pini nyembamba ikakaa kwenye tundu kubwa bila kucheza.

Fremu za Kichina na zile za fundi wetu mara nyingi ziko kwa milimita: nguzo za 50 kwa 50, 60 kwa 60 au 75 kwa 75, matundu kila baada ya milimita 50. Inchi 2 za Marekani ni milimita 50.8. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwa kifaa chenye pini moja. Kwa kifaa chenye pini mbili kwenye matundu yanayofuatana, ulegevu wa tundu unaimeza. Lakini kifaa kinachoshika matundu mawili yaliyoachana nafasi tano kitakuwa kimekosea kwa milimita 4 nzima, na hapo hakiingii. Ukiona kwenye picha pini ziko mbalimbali, uliza kipimo kabla ya kulipa.

Kama fremu bado haijatengenezwa, una bahati. Mwambie fundi azibane nguzo pamoja anapotoboa, matundu yalingane kimo, na sehemu ya kifua, pale mtaimbo unapokaa wakati wa benchi (kuusukuma ukiwa umelala chali), atoboe kila baada ya milimita 25. Wauzaji huita nafasi hiyo ya karibu Westside, kwa jina la jimu ya Louie Simmons iliyokuwa Columbus, Ohio, mji uleule wa Rogue. Kwenye benchi, hatua ya sentimita 5 ni kubwa: tundu moja liko chini mno, la juu yake linakugonga kabla hujagusa kifua.

Vizuizi: hapa usibane matumizi

Anayefanya mazoezi peke yake hana kifaa cha kwanza kingine. Vizuizi ndivyo vinavyoudaka mtaimbo ukikuponyoka; fremu ya nguzo nne bila hivyo ni stendi ya kuwekea mtaimbo tu.

| Aina | Kelele na mtaimbo | Kubadilisha kimo | Nani atengeneze |
|---|---|---|---|
| Pini ndefu tupu | Kelele nyingi, hukwaruza mtaimbo | Polepole, unazungukia nyuma | Fundi |
| Pini ndani ya bomba | Kelele, hasa bila mpira juu | Polepole | Fundi |
| Pao la chuma lenye kifuniko cha plastiki | Kiasi | Haraka | Fundi makini, au agiza |
| Mikanda | Kimya, mtaimbo hauumii | Haraka sana | Agiza |
| Mikono ya mbele | Kiasi | Haraka | Fundi, kwa chuma kinene |

Tofauti iliyo kubwa kuliko kelele ni namna kila kimoja kinavyousimamisha mzigo. Tuseme kilo 100 zimekuponyoka na kushuka sentimita 30 kabla ya kugonga kizuizi. Zikigonga chuma na kusimama ndani ya sentimita 1, nguvu ya wastani inayopokelewa ni kama uzito wa tani 3. Mkanda ukinyooka sentimita 10 katika kuzipokea, nguvu hiyo inashuka hadi uzito wa kilo 400 hivi. Hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi, kwa sababu mtaimbo wenyewe hujipinda na kumeza sehemu ya kishindo, lakini uwiano ndio huo. Ndiyo maana anayeishi ghorofani, au mwenye mtaimbo wa bei, anaangukia mikanda.

Mikanda ina madeni yake. Kwa kuwa inalegea, huwezi kuipima kwa macho. Kwenye benchi unataka mtaimbo ukiguse kifua ukiwa umekiinua, na ukikilaza kifua, mkanda uubebe kabla haujakukaba shingo. Nafasi hiyo ni sentimita chache tu, na mkanda unaweza kuzila zote. Jaribu kwanza na mtaimbo mtupu, kisha weka sahani na uulaze juu ya mkanda taratibu uone unashuka kiasi gani. Jambo la pili: mkanda unapopokea mzigo huvuta nguzo ya mbele na ya nyuma zikaribiane. Kwenye nguzo za 75 kwa 75 zenye unene wa milimita 3 hilo si tatizo. Kwenye skwea paipu ya 50 kwa 50 ya milimita 1.5, ile wanayochomelea mageti, sikushauri. Tena usiuache mkanda juani. Miale ya jua hudhoofisha nyuzi hata kama rangi bado inang'aa.

Watu huuliza kuhusu mikanda ya kufungia mizigo ya lori. Ile ya poliesta, yenye lebo ya bluu, nguvu inayo. Shida iko mwishoni, kwenye kiungo cha kuishikisha na nguzo, ambacho itabidi mtu akibuni. Mshono wa fundi viatu na ndoano ya kuchomelea si mahali pa kujaribia shingo yako.

Kwa fremu nyingi za fundi ninachochagua ni pini ndani ya bomba: pini nene ya chuma kizito kisicho na uwazi, inapita nguzo ya mbele hadi ya nyuma, imevishwa bomba linalokaa kati ya nguzo na kuzunguka lenyewe. Funga juu yake kipande cha mpira wa tairi na kelele inapungua. Haipendezi machoni, inachelewesha kubadilisha kimo, na itadumu kuliko wewe.

Mikono ya mbele ni ya wenye stendi ya nguzo mbili au wanaopenda kufanya skwoti nje ya fremu. Mzigo ukiangukia ncha ya mkono, fremu nzima inataka kupinduka mbele. Bila kuifunga sakafuni kwa bolti za kupanuka, au kupakia sahani nyingi nyuma, usiiamini.

Kulabu

Hapa sitakaa. Zilizokuja na fremu zinatosha, mradi sehemu inayokaa mtaimbo ina plastiki. Kama ni chuma kitupu, nunua kibao kinene cha plastiki cha kukatia nyama, ukate vipande, uvifunge kwa skrubu zenye kichwa kilichozama. Ni jamii ileile ya plastiki wanayotumia makampuni, ingawa yao ni imara zaidi. Kulabu za bei kubwa zilizofunikwa pande zote zinalinda rangi ya nguzo, basi.

Kapi: jumla ya maswali yote

Hiki ndicho kifaa kinachobadilisha fremu kuliko vyote baada ya vizuizi. Mtaimbo hauwezi kukuvuta kutoka juu. Asiyeweza bado kujivuta hata mara moja, mwenye bega linalosumbua, anayetaka kufanyia kazi misuli ya nyuma ya mikono kwa utulivu, wote wanakuja hapa. Chaguo ni tatu, na bei zake zimeachana mbali sana.

La kwanza ni kapi la kuning'iniza: kapi moja au mawili juu ya fremu, waya, na fimbo ya kupachikia sahani inayoning'inia. Faida yake ni bei na uzito. Vyote vinaingia kwenye mkoba. Kasoro yake ni kubembea. Sahani zinapopanda huzunguka na kugonga magoti, na ukivuta kwa pupa zinakuwa pendulamu. Tena angalia kimo: kwenye fremu ya mita 2.1 unahitaji sentimita 60 hadi 70 za mwendo wa waya, na fimbo ya sahani nayo inakula nafasi yake. Fimbo fupi na sahani pana hukaa vizuri kuliko fimbo ndefu yenye sahani ndogo nyingi.

La pili ni mnara wa sahani unaopachikwa nyuma ya fremu: reli mbili zilizosimama, kigari kinachopanda na kushuka kikiwa na sahani, kapi juu kwa kuvuta kutoka juu na kapi chini kwa kuvuta ukiwa umekaa. Hauyumbi. Hapa ndipo fundi anapojulikana. Reli zisipokuwa sambamba juu hadi chini, kigari kinakwama katikati ya seti, na hakuna grisi itakayokuokoa. Fundi mzuri atafunga reli kwa bolti kwanza, ateleze kigari mara nyingi, ndipo achomelee, tena kidogokidogo pande zote, maana joto la kuchomelea hupinda chuma.

La tatu ni makapi mawili yanayoteleza kwenye nguzo, kila moja na rundo lake la uzito wa kuchagua kwa pini, kama Ares ya REP. Ni kifaa kizuri kweli. Ni kizito pia, kinataka fremu ya vipimo vyake vyenyewe, na kwa gharama yake pamoja na usafiri mtu anaweza kununua mtaimbo, sahani na benchi upya. Kwa nyumba ya watu wanne wanaofanya mazoezi kila siku, sawa. Kwa mtu mmoja, siioni hoja.

Kabla ya kulinganisha namba za uzito kwenye matangazo, uliza uwiano. Kwenye uwiano wa 1 kwa 1, kilo 80 za sahani ni kilo 80 mkononi. Kwenye 2 kwa 1, kilo 80 zinakuwa 40, na mkono unasafiri mara mbili ya umbali ambao sahani zinasafiri. Wa kwanza unafaa kuvuta kutoka juu, ambako unahitaji uzito. Wa pili unafaa mazoezi ya kusimama na kuvuta mbali, na ni laini zaidi kwa kuwa sahani zinatembea polepole. Tangazo linalosema kilo 100 bila kutaja uwiano halijasema kitu.

Ukimpa fundi kazi hii, mambo manne usimwachie aamue. Kapi lisipungue kipenyo cha sentimita 9. Dogo kuliko hilo hukunja waya kwa kona kali na nyuzi za ndani hukatika kimyakimya. Ndani yake kuwe na beringi halisi. Namba 6203, yenye tundu la milimita 17 na kipenyo cha nje cha 40, hupatikana kwenye maduka ya vipuri. Chukua yenye vifuniko vya mpira ili vumbi lisiingie. Gurudumu lenyewe litoke kwenye nailoni iliyokerezwa, lenye mfereji unaoshika waya vizuri. Na waya uwe wa chuma uliovikwa plastiki, milimita 5 au 6.

Kuhusu klampu za mwisho wa waya, mafundi wengi huziweka kinyume. Upande wa klampu wenye umbo la U ukae juu ya ncha fupi iliyokatwa, ule wa tandiko ukae juu ya waya unaobeba mzigo. Weka mbili angalau, na uvue ile plastiki mahali klampu zinapobana, la sivyo waya utateleza ndani ya gamba lake. Siku plastiki itakapopasuka popote, badilisha waya wote.

Hukumu yangu: anza na la kuning'iniza lenye makapi mazuri. Ukiona baada ya miezi unalitumia kila wiki na kubembea kunakuudhi, makapi hayohayo na waya huohuo vinahamia kwenye mnara wa fundi. Mnara wa kuagiza mzima kutoka nje sijaona unapoushinda huu wa fundi, isipokuwa kwa rangi.

Dipsi: pembe, jozi, au pete

Dipsi ni kujishusha na kujiinua ukibeba mwili kwa mikono miwili. Kuna kifaa kimoja chenye umbo la V kinachopachikwa kwenye nguzo moja na kutoa mikono miwili inayopanuka kwenda mbele. Kuna jozi ya vishikio, kimoja kila nguzo. Nafasi kati ya nguzo za kawaida ni kama sentimita 109, pana mno kwa mabega ya mtu, kwa hiyo jozi lazima viingie ndani kwa pembe, na hapo ndipo vinapoyumba. La V ni thabiti zaidi, na kwa kuwa linapanuka, mume na mke wanapata kila mmoja upana wake. Fundi analiweza: mabomba mawili, bamba moja, pini moja, na chuma cha kuegemea nguzo chini yake ili lisilale.

Ila kabla ya hayo yote, fikiria pete za mbao. Zinafungwa kwenye bomba la kujivuta, zinafanya dipsi, kujivuta, pushapu, na kuvuta ukiwa umelala chali. Pete za mashindano ya jimnastiki zina unene wa milimita 28; za 32 hujaza kiganja zaidi. Uzito wake si kitu kwenye begi. Dipsi za pete ni ngumu kuliko za chuma kilichotulia, na mwenye kilo nyingi mwilini atateseka mwanzoni. Huyo achukue la V. Wengine wote, pete kwanza.

Landimaini na vigingi vya sahani

Landimaini ni kifuko cha chuma kinachoshika ncha moja ya mtaimbo kikauacha ucheze pande zote. Inakupa kusukuma kwa mkono mmoja na kuvuta kwa kuinama bila mgongo kulalamika sana. Usilipe pesa ya nje kwa hiki. Kikonyo cha mtaimbo wa Olimpiki, yaani ncha yake nene ya kuvishia sahani, kina milimita 50, na bomba la maji la GI (chuma kilichopakwa zinki) la inchi 2 lina uwazi wa ndani wa milimita 53 hivi. Ni kama vilipangwa. Kiungo cha chini, fundi magari atakupa krosi ya propela iliyochakaa, ambayo kwa kazi hii bado ni mpya. Na kama huna hakika utaitumia, kunja taulo kwenye kona ya ukuta, egemeza ncha ya mtaimbo hapo, weka sahani nzito juu yake, ujaribu wiki chache.

Vigingi vya kuhifadhia sahani vinaonekana ni anasa hadi utakapogundua kwamba sahani zilizopangwa kwenye nguzo za nyuma ndizo zinazoituliza fremu ambayo haijafungwa sakafuni. Bomba la GI la inchi moja na nusu lina milimita 48 kwa nje na linaingia kwenye tundu la sahani ya Olimpiki. Kata vipande vya sentimita 20, vichomelee kwa pembe inayoinuka kidogo.

Vya kuacha

Mikono ya kubembea, ile miwili mirefu inayopachikwa kwenye nguzo na kusukumwa kama mashine ya kifua, ni ya kuvutia na ni mizito kupita kiasi. Landimaini inakupa sehemu kubwa ya kazi yake. Kulabu za kubembea zinazokuwezesha kufanya skwoti bila kurudi nyuma ni za wanaoshindana, tena katika mashirikisho yanayoziruhusu. Vigingi vya kufungia mikanda ya raba: pini yoyote ndefu uliyonayo inatosha. Roli ya sponji ya kubania miguu ni nzuri kwa anayelenga misuli ya nyuma ya paja kwa makusudi. Wengine wataitundikia taulo.

Kwa walio Tanga, Mombasa, Unguja na kote upepo wa bahari unakofika, ongeza kipimo kimoja kwenye kila kulinganisha: kutu. Kwenye kifaa chochote kutu huanzia kwenye kingo za matundu na kwenye mshono wa kuchomelea. Fundi atoboe kwanza, apige msasa, ndipo rangi ipakwe, ndani ya matundu pia. Bolti ziwe zilizopakwa zinki au za chuma cha pua. Mabomba yachomelewe vifuniko mwishoni, au yatobolewe tundu dogo upande wa chini ili unyevu utoke. Na mtaimbo usilale kwenye kulabu usiku kucha ukiwa na jasho.